Waya Mwembamba wa Baba Mdogo

Husemwa penye wengi pana Mungu, lakini penye wengi na mita moja ya umeme pana ugomvi. Nyumba ile ya ghorofa nne ilitegemea mita moja, na msuluhishi wake alikuwa Baba Mdogo, fundi umeme, mtu mpole mwenye kichwa kigumu. Ndiye aliyepanga zamu: pasi asubuhi, majiko ya umeme jioni, ghorofa moja baada ya nyingine. Umeme ukizidiwa, fyuzi hukatika na nyumba nzima hukosa. Wapangaji walichoka, wakawa wanaifunga fyuzi kwa waya mnene usiokatika hata nyaya za ukutani zikishika moto. Kila Baba Mdogo alipoukuta, aliung'oa, akafunga mwembamba unaokatika. Wakambatiza Bwana Giza.

"Giza halijaunguza mtu," aliwajibu.

Kisha mapafu ya mkewe, Mama Mdogo, yakaharibika. Hospitali ikamrudisha nyumbani na mashine ya oksijeni, iliyovuma kando ya kitanda usiku na mchana. Watu wakaheshimu zamu kama sala. Lakini joto lilipopamba moto, kila chumba kikanunua feni, na fundi cherehani wa ghorofa ya juu akapata kazi ya sare za shule. Akawa anapiga pasi mchana kutwa.

Adhuhuri moja fyuzi ikakatika mara mbili mfululizo. Kwa mara ya kwanza maishani, Baba Mdogo akaushika waya mnene kwa nia ya kuufunga. Mlango wa chumba chao, mkabala na fyuzi, ulikuwa wazi, na mkewe akamwona.

"Usiuweke huo, mume wangu," alisema kwa pumzi za kuazima. "Huko juu kuna watoto wa watu. Mimi nina Mungu."

Akafunga ule mwembamba, mashine ikavuma, naye akapanda ngazi kumsihi fundi cherehani azime pasi.

"Mashati matatu tu, Baba Mdogo, nimalizie."

Hakuwa amefika nusu ya ngazi akishuka, feni zote zikanyamaza. Alikimbilia kwenye fyuzi. Waya ukamkatikia vidoleni, akaanza upya. Alipoingia chumbani mashine ilikuwa inavuma vizuri, inampulizia mtu ambaye Mola alikwisha kumchukua.

"Umeme umerudi, Baba Mdogo," sauti ya fundi cherehani ikashuka kutoka juu. "Asante sana."

Baba Mdogo alimfumba mkewe macho, akamwombea, kisha akaizima mashine, wengine wapate umeme.