Paka wa Kiajemi Siku ya Kunyoa

Simu ya binti yetu iliita mfukoni mwangu siku moja baada ya kumzika. Aliyepiga ni mama mmoja wa Tororo anayefuga paka wa Kiajemi. Mtoto wa paka aliyechaguliwa na binti yetu sasa ameacha kunyonya, akasema, aje amchukue. Nilimweleza kwamba mwenye paka hayupo tena. Akasema kesho yake atamfikisha Malaba mwenyewe.

Nilikwenda kwa sababu moja. Mke wangu hakuwa amekula tangu binti yetu afe kwa ugonjwa wa kifua. Nilimwombea kando ya kitanda kila siku, na bado uji haukupita. Nilidhani kitu kilichochaguliwa na mtoto wake kingemwinua.

Mpakani, katikati ya malori, yule mama alinikabidhi kikapu. Paka alikuwa mweupe, uso umebonyea kama wa aliyejigonga mlangoni, manyoya mengi kuliko mwili.

"Mzee, huyu si wa kukimbiza panya," akaniambia. "Umkinge na baridi. Pua yake ni fupi, mafua humlemea upesi."

Nyumbani Bumala mke wangu alimtazama mara moja, akageukia ukuta. Mtoto ameondoka, akasema, na mimi nimemletea paka.

Kesho yake ilikuwa siku ya kunyoa. Kwetu, siku ya tatu baada ya mazishi, watu wote wa nyumba ya marehemu hunyolewa. Mimi ni msomaji wa masomo kanisani, na nilinyolewa wa kwanza. Wembe aliushika dada yangu mkubwa. Alipomwona paka akauliza, "Na huyu bibi harusi? Sisi vipara, yeye nywele mpaka chini?" Watu wakacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Mke wangu hakucheka. "Mnyoeni," akasema. "Na yeye alikuwa wa mtoto wangu."

Niliwaambia maonyo ya yule mama wa Tororo, lakini wembe ulikuwa umeshaanza kazi. Dada yangu akajibu kwamba nywele huota.

Alasiri mvua ikanyesha. Paka, aliyebaki mdogo kama ngumi, alitetemeka, kisha kifua chake kikaanza kukoroma. Sauti hiyo tulikuwa tumeisikia wodini, kifuani mwa binti yetu. Mke wangu akainuka kitandani, akamfunga ndani ya leso aliyojitanda, akaniomba uji wa moto. Paka alishindwa kulamba. Mke wangu akamdondoshea kwa kidole, tone moja moja, na kila baada ya tone akakilamba kidole chake mwenyewe. Uji ukaisha. Sijui nani alikunywa zaidi.

Paka alikufa siku chache baadaye, mikononi mwa mke wangu. Alimzika mwenyewe, si mbali na kaburi la binti yetu, akanawa mikono, akaja mezani. Nilishukuru kwa ajili ya chakula. Baada ya amina sikugusa kitu. Nilikuwa nikingoja kuona kama mkono wake utafika kwenye ugali.

Ulifika.