Pikapu Iliyoondoka Kimya

Kisa hiki kinaniaibisha, ila bora nikisimulie mwenyewe kabla majirani hawajakitia chumvi. Nilikwenda Ngara mjini kuchagua kati ya pikapu mbili kuukuu, maana baba alitaka ndizi zetu za kijijini Kanazi zifike gulioni kwa gari letu wenyewe.

Nyeupe ilisimama kwenye tambarare karibu na stendi. Ilipowashwa ikakohoa kama mzee mwenye kifua. Nyekundu iliegeshwa kwenye mteremko. Muuzaji aliachia breki, ikateremka taratibu, mara injini ikanguruma.

Nikamwambia, "Kaka, hii hata stata haipigi kelele!"

Akacheka sana. Nikadhani amenipenda. Nikachukua nyekundu, nikaendesha mpaka nyumbani nikijisifu, nikaizima.

Asubuhi ya gulio tulishapakia mikungu yote. Nikazungusha ufunguo, kimya. Kumbe stata ilikufa zamani, na uwanja wetu ni bapa kama sahani. Tuliisukuma familia nzima, bibi akituongoza kwa fimbo, mpaka ikawaka.

Baba akapanda akihema, akaniambia, "Mwanangu, gari halina ubaya. Kosa ni la babu yako, alijenga kwenye tambarare."