Droni Ilipoanguka Kwenye Chai

Wazazi wangu walipoamua kufanya ibada ya kushukuru kwa ndoa yao, kaka yangu mkubwa alikuja nyumbani kutoka Nairobi na droni. Ilikuwa na mikono minne, kila mmoja na mota na propela yake, na alikuwa ameiunda mwenyewe kipande kwa kipande baada ya saa za kazi. Kibali cha kuirusha alikuwa nacho. Alitaka ukoo mzima na wageni wapigwe picha moja kutoka juu, na nyuma yao ionekane nyumba yetu ya Itumbe na shamba la chai.

Mimi hutengeneza simu na redio katika kibanda mjini Kisii, karibu na soko la Daraja Mbili. Nilifika nyumbani Ijumaa alasiri nikamkuta akiijaribu. Ilipaa vizuri, ikazunguka juu ya ua, ikaelekea bondeni. Huko ikaacha kutii. Kaka alisukuma vijiti vya rimoti huku na huku, lakini yenyewe ilizidi kwenda mbele ikishuka polepole, mpaka ikazama kwenye chai. Tulikimbia. Bado ilikuwa inanguruma humo ndani, propela zikikata majani na kuyarusha.

"Usiishike," nilimwambia. "Shusha kijiti kwanza."

Kaka alikishusha, na kwa kuwa tulikuwa tumeikaribia hivyo, ilimsikia. Mota zikanyamaza, nami nikachomoa betri.

Mama alikuwa ameyaona yote kutoka mlango wa jikoni. "Hicho kitu kisipite juu ya wageni wangu," alisema, akarudi kwenye sufuria zake.

Kaka aliulaumu mnara wa simu ulio mlimani. Mimi sikukubali, maana mnara ulikuwepo hata droni ilipokuwa ikitii. Nilitaka kuifungua rimoti papo hapo, lakini jua lilikuwa linatua, na Baba ni mzee wa kanisa. Sabato ikiingia nyumbani kwetu, kazi husimama.

"Itasubiri," Baba alisema.

Kesho yake nilikaa kanisani na mahubiri yalinipita. Nilikuwa nawaza: kwa nini iliacha kusikia ilipofika mbali? Na ilipoacha kusikia, kwa nini haikuzima? Kadiri nilivyozidi kuwaza ndivyo nilivyoona kwamba hizo zilikuwa hitilafu mbili, si moja.

Jumapili asubuhi, siku yenyewe ya ibada, kabla ya chai ya kwanza, nilianza kwa kufungua propela zote nne.

"Unapoteza wakati," kaka alisema.

"Vidole tunavihitaji."

Niliifunga droni kwa kamba kwenye benchi. Tukawasha rimoti kwanza, kisha tukaunganisha betri, ili mota zisije zikawaka bila mtu wa kuziamuru. Rimoti hiyo ina namna ya kupunguzwa nguvu ya mawimbi yake, ili kwa kutembea hatua chache tu upate kujua yatafika wapi, bila kurusha chochote. Nikabaki kwenye benchi, kaka akaondoka nayo akipita kati ya mistari ya chai, akiongeza na kupunguza mwendo wa mota. Hakuwa amefika mbali mota zilipoacha kumsikia.

Nilimwita, nikafungua mgongo wa rimoti. Waya mwembamba wa antena ulikuwa umechomoka mahali pake, unaning'inia. Ndipo akakumbuka kwamba rimoti ilimponyoka akishusha mizigo. Niliurudisha waya, nikaukaza kwa tone la gundi, tukarudia. Safari hii alikwenda hadi kwenye migomba ya jirani na bado mota zilimtii.

Alirudi akitabasamu, akaanza kuokota propela. "Imepona. Wageni wameanza kuingia mahemani."

"Bado. Zungusha mota, kisha uzime rimoti."

Alidhani namtania. Alipozima, mota ziliendelea kuzunguka vilevile, kana kwamba mtu bado ameshika vijiti. Tulisimama tukiziangalia, kisha nikachomoa betri.

"Hivi ndivyo ilivyokuwa Ijumaa," nilisema. "Ikipoteza rimoti inashika amri ya mwisho. Kama ingekuwa juu ya hema la watoto..."

"Lakini haitapotea tena. Waya umeutengeneza."

"Huenda isipotee. Lakini sitamkalisha Mama chini yake kwa huenda."

Kaka ndiye mkubwa wetu, na nyumbani akishasema jambo huwa limekwisha. Lakini nilizichukua propela mikononi mwake, na sikumrudishia. Baba alikuwa amesogea, kitambaa cha kunyolea begani. Alimtazama kaka.

"Kati yenu wawili, nani anaijua kazi hii?"

Kaka alinionyesha kwa kidevu. "Ni yeye."

"Basi msikilize."

Tuliiunganisha droni na kompyuta ya kaka, tukaipanga upya: ikipoteza rimoti, mota zizime. Afadhali ianguke kwenye chai kuliko kwenda itakako. Tukazima rimoti tena na tena, na kila mara mota zilisimama. Hapo ndipo nilipompa propela. Tulikubaliana pia kwamba itaruka juu ya chai tu, pasipo mtu, na kamera itazame watu kwa upande.

Baada ya ibada na chakula, Mama alinijia kando ya hema. "Una hakika?"

"Ninayo, Mama."

Hakuuliza la pili. Aligeuka akawaambia wageni wote wasimame, waelekee shambani. Droni ilipanda juu ya chai, ikatulia hewani, ikapiga picha, ikarudi kutua mahali ilipoelekezwa. Watu walipiga makofi. Kaka alinyanyua mkono kuwanyamazisha, akawaambia kwa Ekegusii, lugha yetu, kwamba aliyeiunda ni yeye, lakini iliyoruka leo ni kazi ya dada yake.

Jioni nilipokuwa nikiwamiminia wageni chai, nilimsikia Baba akimweleza shemeji yake aliyetoka Nyamira.

"Kile kidude kikikosa kumsikia mwenyewe, kinajizima," alisema. "Kilikuwa hakijui. Binti yangu ndiye aliyekifundisha leo asubuhi."

Yule shemeji yake akanigeukia kuniuliza jinsi nilivyofanya. Niliweka birika chini, nikavuta kiti, nikaanza kumweleza.