Sentimita Saba za Bafu la Mama

Mtaani fundi huyu wa vigae walimwita Pilipili, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Mteja akibishana naye juu ya kigae kimoja tu, anafunga mfuko wake wa vifaa anaondoka, chumba kibaki nusu. Lakini mkono alikuwa nao, tusimnyime haki yake. Mabafu ya watu yaling'aa. La kwao nyumbani ndilo lilikuwa aibu: kitundu cha mita moja na nusu kwa mita moja na robo, choo katikati kama mgeni asiyejua pa kukaa, na mlango unaofungukia ndani, unakula nafasi yote.

Aibu hiyo aliivumilia mpaka mama yake alipopata kiharusi. Upande wa kushoto ukalegea, akawa anatembea kwa fremu ya chuma, ile ya miguu minne. Kuogeshwa na mtoto wa kiume? Mama alisema bora anuke. Jirani mmoja ndiye aliyekuwa akimwogesha, na sasa anahama. Ndipo dada mkubwa wa Pilipili akapiga simu.

"Mama namchukua."

"Umpeleke wapi? Kwake ni hapa!"

"Kwake gani asipoweza kuoga? Sikia, we mtoto. Nakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Akiingia bafuni, akaoga, akatoka mwenyewe, anabaki. Akishindwa, naondoka naye. Na usinipandishie sauti, nimekubeba mgongoni mimi."

Mama alikuwa kando, anasikia kila kitu. "Nitaoga mwenyewe," akasema. "Nikaanze kuomba chumvi kwa mkwe, uzee huu?"

Siku hiyohiyo Pilipili akabomoa. Vigae vya zamani, plasta, vyote chini, mpaka matofali yakabaki uchi. Akapima. Halafu akafanya kile anachowafanyia wateja wasioelewa ramani: akachukua chaki, akachora bafu lote uani, kwa ukubwa wake halisi. Choo akakisogeza kona ya nyuma, ndoo iliyopinduliwa ikakaa badala yake. Sinki akaliondoa kabisa, mama atanawia bomba la kuogea. Mlango ukawa wa kusukuma pembeni, kwenye reli.

"Haya mama, ingia."

Mama akaingia na fremu yake, hatua moja moja. "Mbona bafu lenyewe halina paa?"

"Paa linakuja. Geuka kwanza."

"Nageuka. Usinikimbize, mimi si trekta."

Akageuka. Miguu ya fremu ikapita ndani ya chaki, ikiigusa kidogo tu, akakaa kwenye ndoo, akainuka, akatoka. Mama akacheka mpaka machozi. Walirudia kila asubuhi, na kila asubuhi aliweza. Pilipili alimpigia dada yake simu kumringia. "Usijisumbue na nauli," alimwambia.

Plasta ikapanda. Vigae vyeupe ukutani, vya kukwaruza chini ili asiteleze, bomba nene la kushikilia karibu na choo. Ijumaa jioni kazi ikaisha. Kwa macho, hajawahi kufanya kazi nzuri kama ile.

Jumamosi dada akafika, akalitazama bafu, akanyamaza. Kwake kunyamaza ni sifa. Mama akaingia na kanga yake, akasukuma mlango, ukafungika. Pilipili na dada yake wakabaki kwenye korido kama watu wanaosubiri majibu ya daktari.

Maji yakamwagika. Pilipili akatabasamu. Halafu maji yakafungwa, ikasikika chuma kikigonga kigae. Kimya. Kikagonga tena, kwa nguvu zaidi.

"Mama?" dada akaita.

"Nipo."

Kikagonga mara ya tatu. Mama alikuwa anajaribu kugeuka, na fremu imekwama kati ya choo na ukuta. Pilipili akaruka kwenda mlangoni, dada akamdaka shati. "Una wazimu? Hajavaa!"

Ndani sauti ikatoka, ndogo, ambayo Pilipili hakuwahi kuisikia kwa mama yake. "Binti yangu. Ingia wewe."

Walipotoka, Pilipili akaingia na futi ya kupimia. Pale kati ya choo na ukuta, alipochora sentimita themanini, zilikuwepo sabini na tatu. Alipima matofali uchi. Plasta na vigae vimekula saba, kitu anachomwambia kila mteja kabla hata hajakaribishwa kiti. Chaki haina unene. Kwa mama yake mwenyewe, kwa haraka na hasira za kumkomoa dada, alisahau.

Akachukua nyundo. "Nipe wiki moja. Naubomoa huu ukuta wote!"

"Weka chini," mama akasema. Alikuwa amekaa kitandani, mlango wa chumba wazi, nywele zinadondosha maji.

"Mama, ni sentimita saba tu!"

"Nimesikia. Na wiki ijayo niingie tena, nyie mkinisikiliza mlangoni?" Akamgeukia dada. "Nguo zangu ziko kwenye sanduku la chini."

"Mama..."

"Nimechoka, mwanangu. Nimechoka kujaribiwa."

Pilipili akaiweka nyundo sakafuni. Mchana akambeba mama mpaka kwenye gari, na alivyokuwa mwepesi, ilimuuma. Alitaka kusema nisamehe. Kilichotoka ni, "Funga mkanda."

"Nimeshafunga," mama akasema, akitazama mbele. Dada akawasha gari.