Namba ya Trekta

Nimewahi kuona mtu akipewa kombe alilolitafuta maisha yake yote, akalikunjia uso kama kaletewa kiporo kilichochacha.

Ngoja niwasimulie. Nimechoka, na mimi nikichoka huwa sifichi kitu.

Naitwa Leland. Maisha yangu yote nimeandika habari za mbio za magari. Zile za magari mawili, barabara moja iliyonyooka, robo maili, basi. Ukipiga chafya umezikosa.

Sikio la kushoto limekufa kwa kelele za injini. Mke naye aliondoka zamani. Aliniambia, "Leland, nenda kaoe matairi." Sikumjibu, nilikuwa nawahi mashindano Kentucky.

Sasa mwaka ule uwanja wetu wa Harlan Creek, hapa Ohio, ulikuwa umeuzwa. Wanajenga maghala. Jumapili ile ndiyo ilikuwa ya mwisho, na mimi nilikuwa nastaafu nayo.

Fainali wakabaki wawili: mzee Virgil Stamper, fundi wa kuchomelea mabomba, na binti yake Krista.

Aisee, Virgil! Ameshindana tangu ana nywele kichwani, na hajawahi kushika kombe hata moja. Kila mwaka nusura. Nilimwomba Mungu, leo mpe mzee huyu, nami nikapumzike.

Sikilizeni sheria kwanza, la sivyo hamtanielewa.

Mbio zetu hizi, kila dereva anaandika namba kwenye kioo cha gari kwa rangi nyeupe ya viatu. Ni muda anaosema gari lake litatumia kumaliza. Mwenye gari la polepole anatangulizwa. Lakini ukikimbia kuliko ulivyoandika, umeshindwa, hata kama umefika wa kwanza. Umedanganya.

Na mkidanganya wote wawili, aliyedanganya kidogo ndiye mshindi.

Basi nikapita kwenye foleni, nikaona namba ya Virgil. Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena.

"Mzee, umeandika nini hapa? Gari lako linakimbia kuliko hivi!"

"Punguza sauti, kiziwi wewe." Akanivuta karibu na dirisha. "Hili ni kombe la mwisho. Mimi nitalitazama miaka mingapi? Acha mtoto achukue."

"Si ukanyage breki tu, kuliko kudanganya?"

"Taa za nyuma zitawaka, atajua nimemwachia. Hivi ataona baba yake kazidiwa na tamaa, kakimbia kupita namba yake."

Jamani, niliumia. Nilitamani kumzaba kofi. Miaka yote hiyo kwenye jua na moshi, kisha siku yenyewe unaitupa? Lakini gari ni lake na mtoto ni wake. Nikasogea pembeni.

Krista alikuwa upande wa pili wa barabara. Kioo chake sikukiona.

Taa za kuanzia zikashuka hadi kijani. Wakaondoka.

Dereva mwenye akili akikaribia mwisho hulegeza mguu kidogo, asije akaipita namba yake. Siku ile hakuna aliyelegeza. Wote wawili walikanyaga mpaka mwisho kama wanafukuzwa.

Taa ya ushindi ikawaka upande wa Virgil.

Nikaruka, na magoti yangu haya! Watu wakapiga kelele hadi sikio bovu likasikia. Wakamletea mzee kombe lake.

Hakulitazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye gari la binti yake, akasoma kioo. Akakunja uso.

"Krista. Hii namba ya nini? Ya trekta?"

Krista alikuwa bado kwenye usukani, kaivua kofia ya chuma.

"Na yako je, Baba? Ya punda?"

Mzee akaegemea mlango wa gari.

"Ulitaka nishinde," mzee akasema.

"Na wewe ulitaka nishinde."

"Mimi ni baba yako, ni haki yangu!"

"Haki gani? Umenifundisha kuendesha ili unionee huruma?" Machozi yakamtoka. "Nilitaka uwe nalo, Baba. Hata mara moja tu."

"Sasa ninalo, na si langu!" Mzee akamtupia kombe lile mapajani. "Litanieleza nini nikiliangalia? Kwamba mtoto wangu ni mwongo kuliko mimi?"

Hapo nikaelewa: wote wawili walidanganya, na Krista kadanganya zaidi. Aliyetoa zaidi ndiye aliyeshindwa, na aliyepewa alijisikia kaibiwa.

Virgil akavua shati, akafuta kioo chake. Akaenda akafuta na cha Krista.

"Hakuna namba. Tunaondoka pamoja. Ukinionea huruma, Jumapili usije kula kwangu."

Jamaa wa taa alikuwa ameanza kukunja nyaya. Akanitazama, nikamwambia, "Washa, ndugu yangu. Washa tu."

Wakaondoka tena. Krista alimwacha baba yake mbali, mbali kabisa, hadi aibu nikaiona mimi.

Mzee alishuka kwenye gari analia na kucheka kwa pamoja. Akamkumbatia bintiye hadi akamnyanyua.

"Umenipiga! Watu wangu, mmeona? Mtoto kanichapa!"

Sijawahi kumwona mshindi yeyote mwenye furaha ile.

Kisha akanigeukia. "Leland, andika hivyo. Andika nimechapwa."

Nikaandika. Ndiyo habari yangu ya mwisho, na ndiyo pekee iliyobandikwa ukutani kwa Stamper.

Ndugu zangu, unayempenda usimwachie ushindi kwa siri. Shindana naye kwa nguvu zako zote. Akikushinda, awe na uhakika ni yeye.