Maji Yaliyomwamsha Furaha

Juzi sokoni Baraka muuzaji alipasua nazi changa, na harufu yake ikanirudisha kwenye mchana mmoja wa utotoni. Mdogo wangu Furaha alikuwa amelala mkekani, amekaushwa na kuhara, macho yamezama, hasemi. Mama alitikisa nazi karibu na sikio, akasikiliza.

"Iko muzima," alisema.

Alimaanisha haijaoza; mimi nikadhani ndani kuna mtu aliye hai. Mama alimnywesha yale maji kijiko kwa kijiko, mpaka Furaha akafungua macho, akayakaza kwangu.

"We ni nani?"

Nikakimbilia nje nikilia, nikiamini yule wa ndani ya nazi amemwingia. Leo najua mwili wake ulikuwa umeishiwa maji tu. Furaha sasa ana watoto wake. Lakini akinitazama kimya, mimi humwita kwanza kwa jina, nikangoja aitike.