Kazi ya Kwanza ya Mwezi

Nyuma ya soko, pale barabara inapopinda na kuanza kuteremka, palikuwa na chumba kirefu chenye dirisha moja kubwa, na hewa ya chumba hicho ilikuwa nyeupe siku zote. Haukuwa moshi wala vumbi, ulikuwa usufi. Ulipanda polepole kwenye mwanga wa asubuhi, ukasita, ukashuka kama kitu kisicho na haraka ya kufika popote. Mtu aliyeingia kutoka kwenye makelele ya nje alijikuta amepunguza sauti bila kuambiwa. Katikati ya weupe huo alikaa mwanamke mpana wa mabega, kitambaa kimemfunika pua na mdomo, akichambua usufi kwa vidole na kutupa mbegu kwenye bati lililokuwa miguuni pake. Watu walimwita Mama Usufi, na mwenyewe alikwisha kulizoea jina hilo hata la ubatizo likiitwa ilimbidi ageuke kuangalia ni nani anayeitwa.

Alishona magodoro na mito. Kazi aliianza na marehemu mumewe, siku walipokuwa na gunia moja la usufi na hawana mteja hata wa dawa. Mume huyo alikuwa mtu wa maneno machache, lakini siku ile alisema mengi. Alisema chumba ni cha kupanga, mikono ni ya kuazimwa, pumzi nayo ni ya kuazimwa, basi wao pale ni mawakili tu wa mali ya mwingine. Wakakubaliana kwamba kazi ya kwanza ya kila mwezi, iwe kubwa iwe ndogo, wakishatoa gharama zake, kinachobaki chote kiende kanisani. Mume alikufa, agano likabaki, na mjane hakuona sababu ya kulizika pamoja naye.

Kwa miaka mingi agano lile halikumtoa jasho. Mara kazi ya kwanza ilikuwa godoro la kitanda kimoja, mara mito miwili ya maharusi. Mwezi mmoja ilikuwa mto mdogo kama ngumi, wa fundi cherehani kuchomekea sindano. Jumapili ile alichotumbukiza kapuni kilikuwa chepesi hata hakikusikika kikianguka, naye akarudi kwenye benchi lake ametulia kama aliyetoa ng'ombe.

Ndipo mwishoni mwa mwezi fulani akaja msimamizi wa mabweni wa shule ya bweni iliyokuwa ng'ambo ya mji. Alikuwa mama mwembamba mwenye miwani. Aliketi, akauchukua mto uliokuwa karibu, akaulaza uso wake humo kama amesahau kilichomleta. Kisha akaeleza kwamba magodoro ya wanafunzi wake yalikuwa yamedidimia mpaka watoto walikuwa wakilala kama samaki kwenye bakuli. Shule ilitaka mapya, bweni zima. Akasema angerudi siku ya kwanza ya mwezi na malipo ya mwanzo, ili waandikiane.

Mama Usufi alisema ndiyo, akamsindikiza hadi mlangoni, akarudi, akakaa. Maishani mwake hakuwahi kupata kazi kama ile. Kwanza aliwaza watoto wenyewe, uzito wa miili midogo iliyolala safu kwa safu, na ndoto zao zikipita juu yao kama usufi unavyopita dirishani. Halafu akawaza mashine ya kuchambulia, ambayo yeye na dada yake walikuwa wakiizungumza miaka nenda miaka rudi, kwa sababu bega lake la kulia lilikuwa limeanza kulalamika hata akiinua sufuria tupu. Kazi moja kama hii, na mashine ingekuwa imesimama pale pembeni. Mwisho kabisa akakumbuka tarehe.

Dada yake aliuza nyanya na vitunguu pale sokoni na alikuwa na ulimi uliochongoka, lakini alimpenda mdogo wake kama mboni ya jicho. Jioni alipoambiwa, alicheka kwanza, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Dada alisema kutoa ni moyo, hilo analijua, lakini hata moyo una mbavu za kuulinda. Alisema agano lilikuwa la kazi, si la shehena. Mama Usufi alijibu kidogo tu, akilini mwake mambo yakielea, kila wazo akilinyooshea mkono linasogea.

Siku ya kwanza ya mwezi, wafagiaji walikuwa bado hawajamaliza barabara, mlango ukabishwa hodi. Alikuwa dada, amevaa gauni la Jumapili na mkoba mkononi.

"Natafuta fundi wa mito," alisema, uso mkavu kabisa.

"Umempata."

"Nataka mto mmoja, wa kawaida. Hela hizi hapa, nalipa zote. Mimi ndiye mteja wako wa kwanza mwezi huu, sivyo?"

Mama Usufi alicheka hadi kitambaa kikamtoka puani. Hila ilikuwa safi, haikuwa na doa la uongo. Kazi ni kazi, na mteja ni mteja. Alichukua kitambaa cha mistari, akakipima kwa shubiri, akashika mkasi. Jua lilikuwa linaingia wakati ule, na usufi wote uliolala usiku kucha juu ya rafu ukaanza kuamka. Alisimama akiutazama. Alijiona akiukata mto ule, akipokea hela, na kila kitu kikiwa sawa. Mashine, bega, uzee. Rahisi kama kugeuka kitandani.

Aliweka mkasi chini.

"Dada, keti."

Dada akaketi, mkoba magotini.

"Unaukumbuka mwezi wa ule mto wa sindano? Siku ya pili yake lilikuja godoro la watu wawili. Sikumwambia Mungu atupe kile kidogo asubiri kikubwa. Alikipokea kile kidogo, na mimi nikala kikubwa. Leo kimemwangukia kikubwa, nimfiche?"

"Na bega lako? Nalo ni la Mungu?"

"Nalo. Ndiyo maana mpaka leo linafanya kazi."

Dada alitazama dirishani. Mama Usufi akazisukuma zile hela mpaka zikarudi mkobani, akasema mto atamshonea bure, na cha bure si kazi, ni zawadi ya mtu kwa dada yake. Dada alisimama, akasema hana haja ya mto, akatoka. Saa chache baadaye yule mama wa miwani akaingia na malipo yake.

Majuma yaliyofuata yalipita kama yanavyopita kwa mtu mwenye homa nyepesi. Wifi yake, dada wa marehemu mume, alikuja kumsaidia kushona maganda ya magodoro, nao walikaa katika ule weupe wakifanya kazi bila kusemezana sana. Wakati mwingine Mama Usufi alisahau kama ni asubuhi au alasiri. Kila godoro lililojazwa alilipiga kwa kiganja, akasikiliza mlio wake, na kabla ya kulifunga kwa sindano ndefu alimwombea atakayelala hapo, asiyemjua, usingizi usio na hofu. Bega liliuma. Usufi ulishuka juu ya nywele zao wakawa wazee wote wawili. Sokoni dada alimuuzia nyanya kama anavyomuuzia mtu baki, bila nyongeza.

Shule ilipolipa, Mama Usufi alimlipa wifi yake kwanza, akamlipa muuza usufi na muuza vitambaa, maana jasho la mtu mwingine halikuwa lake kulitoa sadaka. Kilichobaki alikifunga kwenye leso akaenda kanisani siku ya kazi, mchana. Kanisa lilikuwa dogo, na bati lake lilikuwa limechakaa hivi kwamba msimu wa mvua ibada iliendeshwa kwa kuhamahama. Alimkuta mchungaji ameinama, akikausha kwa gunia benchi lililoloweshwa na manyunyu ya usiku.

Mchungaji alipofungua leso, alikaa juu ya benchi bichi bila kujali suruali yake. Alikuwa kijana, umri wa mwanawe kama angekuwa naye. Aliuliza kama ni mahubiri yake ya juzi yaliyomsukuma, akasema yeye hakumwahidi mtu kwamba atarudishiwa mara kumi, na hawezi kulala akijua mjane amejivua nguo kwa ajili ya bati.

"Mama, nenda kwanza ukalale. Tutaongea kesho."

"Mchungaji, mimi ndiye ninayeuza usingizi. Nimekwisha lala. Sikuja kufanya biashara ya kurudishiwa. Nimeleta kisichokuwa changu."

Akamwomba jambo moja tu, asitajwe. Mchungaji akakubali, na akaomba, naye Mama Usufi alisikia "amina" kama inatoka mbali, upande wa pili wa ukuta.

Mafundi walipaua upya kabla ya msimu wa mvua. Mvua zilipokuja, zilikuja Jumapili, katikati ya mahubiri, zikapiga lile bati jipya kwa nguvu mpaka mchungaji akawa anatembeza midomo tu. Mwisho akaacha, akaketi. Watu nao wakakaa, hakuna aliyeinua benchi kulihamisha. Mama Usufi aliinamisha kichwa, ule mngurumo ukamzunguka, hakuwaza kitu. Mtu akaja kujibana kando yake, amelowa, ananuka vitunguu. Dada hakuwa amekanyaga kanisani tangu siku ile ya mto. Alitazama juu muda mrefu, akifuata kila boriti, akitafuta.

"Hata tone," alisema mwishoni, kama anayelalamika.

Kisha akauchukua mkono wa kulia wa mdogo wake, akaupandisha magotini kwake, akaanza kulikanda lile bega kwa kidole gumba, taratibu, mvua ikinyesha.

Wapo waliojua baadaye, maana mji mdogo hauna kuta, na wote huuliza kama alirudishiwa. Kazi kubwa kama ile haikuja tena. Mashine hakuinunua. Jioni, dada akifunga genge lake la nyanya, huja akakaa chini kwenye mkeka na kuchambua usufi pamoja naye, vibaya, akiacha mbegu nyingi, na Mama Usufi huzitoa kimya kimya mwenzake akishaondoka.